Sheria Haina Mlango Mmoja

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule yetu anayekusudia kusomea sheria, "Unataka kuwa nani?" naye atakujibu bila kufikiri, "Wakili." Wanaosikia humtazama kwa heshima, wala hakuna amwulizaye swali la pili, maana wote wameiona picha ileile: joho jeusi, ofisi ya ghorofani mjini Kampala, kibao chenye jina lake mlangoni, na gari kivulini. Mimi nami nimekaa na picha hiyo tangu kidato cha kwanza. Sasa nimo kidato cha sita, umri wangu ni miaka kumi na tisa, na wakati wa kuomba nafasi katika chuo kikuu umefika. Basi naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme jambo moja: picha ile ni ndogo mno kuliko sheria yenyewe, nayo inatudanganya wengi.

Sisemi haya kwa kuwadharau mawakili. Njia yao katika nchi yetu ya Uganda ni ndefu na ya jasho. Kijana husoma chuo kikuu miaka minne apate shahada. Kisha huingia katika Law Development Centre, chuo kilichoanzishwa Kampala mwaka 1970, ajifunze kazi yenyewe: kuandika hati, kuhoji mashahidi, kusimama mbele ya hakimu. Akifaulu huandikwa katika orodha ya mawakili, na hata hapo hana budi kukaa kwanza chini ya wakili mkongwe kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe. Njia hiyo ni njema, na anayeiweza aifuate. Neno langu si juu ya njia hiyo. Neno langu ni juu yetu sisi, tunaodhani kwamba asiyefika mwisho wake hakufika popote.

Nitawaeleza jinsi macho yangu yalivyofumbuka.

Shangazi yangu ni mjane. Mwaka 1994 marehemu mumewe alimwazima jirani sehemu ya shamba alime, maana jirani huyo alikuwa na watoto wengi na ardhi kidogo. Mambo yalimalizika kwa maneno tu, mbele ya wazee wawili, kama ilivyo desturi yetu. Miaka ikapita, mume wa shangazi akafariki, jirani naye akafariki, na wazee wale wakafuata. Ndipo wana wa jirani walipoanza kujenga nyumba ya matofali katika shamba lile, wakisema ni mali ya baba yao. Kesi ikaenda mahakamani. Shangazi aliuza mbuzi na akiba yake ya simsim, akapata wakili.

Nilikuwa likizoni, nikamsindikiza siku ya kutoa ushahidi. Shangazi hajui Kiingereza, na Kiingereza ndiyo lugha ya mahakama. Mkalimani wa kawaida hakuwapo siku ile, basi akaitwa mtu mwingine aliyekuwa karibu asimame mahali pake. Shangazi akasema kwa Kilugbara, kwa sauti ya wazi, "Mume wangu alimwazima shamba." Yule mtu akageuza kwa Kiingereza akasema kwamba mume wake alimpa shamba. Hakimu akaandika.

Nililisikia neno hilo kama mtu aliyepigwa kofi. Nikamtazama wakili wa shangazi. Alikuwa akipanga karatasi zake. Alikuwa mtu mwema na mwenye elimu, lakini alitoka upande mwingine wa nchi, na Kilugbara hakukijua hata kidogo. Hakimu pia hakukijua. Wana wa jirani walikijua vizuri, wakanyamaza. Mimi nilikijua, nami nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa shule mwenye kaptura niliyeketi nyuma kabisa, na niliogopa. Katika chumba kile palikuwa na sheria nyingi na joho zuri, lakini kilichokosekana ni mtu mmoja wa kupeleka neno moja salama kutoka kinywa cha mjane hadi kalamu ya hakimu.

Shangazi alishindwa.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kama sheria ni nyumba, mbona sote twasukumana katika mlango mmoja, na milango mingine imeachwa bila bawabu? Mkalimani ni mtumishi wa sheria. Karani atunzaye majalada ni mtumishi wa sheria; jalada likipotea, hata wakili hodari hana la kusema. Katibu wa baraza la kijiji ni mtumishi wa sheria pia. Twajua kwamba kwa Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya mwaka 2006, ugomvi mdogo huanza kijijini, ukakatiwa rufani katika parokia, kisha tarafani, na kutoka hapo kwa hakimu mkuu. Basi maneno yatakayosomwa huko juu ni yale yaliyoandikwa huku chini, na katibu ambaye pengine hakufunzwa hata siku moja. Laiti mwaka 1994 angalikuwapo kijijini kwetu mtu mmoja mwenye maarifa ya kuandika karatasi nusu ukurasa, yenye tarehe na alama za vidole, shangazi asingaliuza mbuzi hata mmoja.

Mwenzangu mmoja wa bweni, nilipomweleza haya, alicheka akasema, "Basi nenda ukawe mkalimani, mimi nitakuwa Jaji Mkuu." Nikamjibu kwa habari ambayo hakuitazamia, nanyi wasomaji nataka muikumbuke. Benedicto Kiwanuka, baada ya kutoka jeshini katika vita vya pili vya dunia, alifanya kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda. Alipokuwa akigeuza maneno ya watu wengine ndipo alipoijua mahakama. Baadaye akaenda kusoma Basutoland, kisha London, akawa wakili mwaka 1956. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hii, na mwaka 1971 akawa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa serikali ya Idi Amin walimchukua kutoka Mahakama Kuu yenyewe, naye hakurudi. Mtu huyo, ambaye kila mwanafunzi wa sheria nchini hufundishwa jina lake, hakuingia kwa mlango wenye kibao cha shaba. Aliingia kwa mlango wa mkalimani.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya zamani. Basi na tutazame siku zetu. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 28, inaamuru kwamba mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai aelezwe kosa lake mara moja katika lugha anayoifahamu, na ya kwamba asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Nchi yetu ina makabila mengi na lugha nyingi, na watu huhama kutoka mkoa huu hadi ule. Nani atakayeitimiza amri hiyo, kama vijana wenye lugha mbili tatu wote wanaona kazi ya kugeuza maneno ni ya aibu? Na ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilipitisha sheria mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Fikirini kazi iliyomo humo: sheria zilizotungwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, kila moja yahitaji mtu anayejua sheria na kujua lugha pia, maana asiyejua moja kati ya hayo mawili atafanya kama alivyofanya yule mtu siku ya shangazi. Nasi tunaosoma sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu, ambayo wengine huiruka upesi, tunao ufunguo wa mlango huo mikononi.

Tena kuna wale waitwao wasaidizi wa kisheria. Hao si mawakili. Hawasimami mahakamani kumtetea mtu. Kazi yao ni kumweleza mtu haki yake kwa lugha nyepesi, kumwandikia barua, kumpatanisha na mwenzake panapowezekana, na kumpeleka kwa wakili inapobidi. Malawi ilianza mwaka 2000 kuwapeleka watu wa namna hii magerezani, kuwafundisha mahabusu jinsi ya kuomba dhamana na jinsi kesi inavyokwenda, maana wengi walikuwa wakikaa ndani kwa kutojua tu. Kenya iliwatambua wasaidizi hao katika sheria yake ya mwaka 2016, na Tanzania katika sheria ya mwaka 2017. Hapa kwetu yuko Susan Kigula, ambaye kesi yake na wenzake 417 ilifanya Mahakama ya Juu iamue mwaka 2009 kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa hakimu. Akiwa bado mfungwa katika gereza la Luzira alisomea sheria kwa mpango wa Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wenzake katika mambo ya kesi zao, akatoka mwaka 2016. Hakuwa na ofisi wala joho. Alikuwa na kitabu, kalamu, na watu waliomhitaji.

Lakini mfano ulio karibu nami zaidi ni wa kaka yangu, mwana wa baba mkubwa. Yeye alipata shahada ya sheria, na ukoo wote ulifanya sherehe. Kisha akakaa Kampala karibu miaka miwili akizunguka na bahasha yake kutoka ofisi hadi ofisi. Hapa aliambiwa arudi wiki ijayo, pale aliambiwa nafasi zimejaa, pengine alipewa kazi ya kubeba majalada bila mshahara. Aliona aibu kurudi nyumbani, akawa hapokei hata simu za mama yake. Mwisho akapata kazi katika shirika moja linalofanya kazi Bidibidi, wilaya ya Yumbe, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kupokea katika miezi michache watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini. Kazi yake ni kupanda pikipiki kwenda kuwaketisha pamoja wakimbizi na wenyeji: nani alikubali nani alime wapi, kwa misimu mingapi, na mavuno yagawanywe vipi. Makubaliano yao huyaandika katika lugha zao wote wawili, akawasomea kwa sauti kabla hawajatia alama.

Watu wa kwetu humcheka. Husema, "Amesoma miaka yote ile ili apande pikipiki?" Nami nilimwuliza waziwazi kama anajuta. Akanijibu, "Mdogo wangu, mjini nilikuwa mtu wa mwisho katika mstari mrefu. Huku hakuna mstari wa mawakili. Kuna mstari wa watu tu, nami ndiye wanayemsubiri." Aliniambia pia kwamba bado anakusudia kwenda Law Development Centre siku moja, lakini sasa anajua atakwenda kutafuta nini.

Sasa nijibu maneno ya wanaonipinga, maana najua wapo, na baba yangu ni mmoja wao.

La kwanza husema kwamba kazi hizi hazina fedha. Ni kweli. Mshahara wa mkalimani au karani ni mdogo, na mtu mwenye wadogo wa kusomesha hawezi kulifanyia mzaha jambo hilo. Siwezi kumlaumu mzazi aliyeuza ng'ombe akitaka kuona faida yake. Lakini na tuhesabu pande zote mbili. Yule anayesubiri miaka mlangoni pa ofisi ya mjini, akila kwa deni, naye hana fedha. Na miaka hiyo hairudi. Bora aliye kazini akijifunza kuliko aliye barazani akisubiri.

La pili husema kwamba hiyo ni njia ya walioshindwa. Hapa nakataa kabisa. Kama twawapeleka walioshindwa tu kuwa wakalimani na makarani, tusishangae mahakama ikisikia "alimpa" mahali pa "alimwazima." Mlango ukiachiwa mtu asiyeupenda, wanaopita ndio wanaoumia. Nataka siku moja mwanafunzi wa kwanza wa darasa letu, siyo wa mwisho, aseme mbele ya watu kwamba anataka kuwa mwandishi wa sheria katika wizara, au mtunza hati za ardhi, au mkalimani, wala asichekwe.

La tatu ni zito zaidi. Husema kwamba mtu mwenye sheria nusu ni hatari kuliko asiye nayo. Kweli, tumewaona vijijini watu wanaojiita mawakili kwa kuwa tu wamefanya kazi ya kufagia mahakama. Huchukua fedha za wajane na kuwaandikia karatasi zisizo na maana. Huo ni wizi, na sheria yenyewe yakataza mtu asiye wakili kujifanya wakili. Kwa sababu hiyo sisemi tusome kidogo. Nasema tusome sawasawa kwa ajili ya kazi tunayoifanya, na tujue mpaka wake. Law Development Centre hiyohiyo inafundisha pia stashahada ya sheria kwa wasio na shahada. Msaidizi mwema ni yule ajuaye saa ya kusema, "Hapa pamenizidi, twende kwa wakili." Kila mlango kwa ufunguo wake.

Na kwa habari ya mpaka huo, nimalizie hadithi ya shangazi. Kaka yangu aliposikia alivyoshindwa, alikuja nyumbani na pikipiki yake Jumamosi moja, akaomba mwenendo wa kesi, akausoma mstari kwa mstari chini ya mwembe, na mimi nikiwa kando yake. Alipofika mahali pale akauliza, "Shangazi, ulisema alimpa?" Shangazi akasimama. Hakujua mpaka siku ile ni kitu gani kilichoandikwa kwa jina lake. Kaka hakuandika rufani yeye mwenyewe. Alikwenda kwa wakili yuleyule, akamwonyesha neno lile, na wakili, namshukuru, hakuona haya kukiri kwamba lilimpita. Rufani iliandikwa kabla siku 30 hazijaisha. Mtu mmoja alijua lugha, mwingine alijua mahakama, na wote wawili walihitajika.

Sasa nina maombi matatu. Kwa wenzangu: chama chetu cha midahalo, badala ya kubishana kila muhula kama kalamu ina nguvu kuliko upanga, na kitengeneze orodha ya maneno 50 ya mahakama, kama vile dhamana, rufani, urithi, kuazima, kutoa zawadi, kuweka rehani, na maana zake katika Kilugbara, Kialur, Kimadi, Kikakwa na Kiswahili. Wazee wa vijiji vyetu wangali hai, na tuwaulize kabla hawajatutoka. Kwenu wanafunzi wa zamani mlio mahakimu, makarani, maofisa wa ardhi na makatibu wa mabaraza: mkija siku ya kuwatembelea wadogo zenu, msitupe hotuba za jinsi mlivyofaulu tu. Tuelezeni kazi zenu za kila siku, na wakati wa likizo turuhusuni kukaa nyuma ya mahakama tukasikilize. Na kwenu wazazi: mtoto akisema anapenda sheria, msimwulize kwanza ofisi yake itakuwa mtaa gani. Mwulizeni anataka kumsaidia nani.

Juu yangu mwenyewe, nimekwisha kuamua. Katika fomu nitaandika sheria kwanza, na lugha ya pili. Na katika miezi mirefu ya kungoja majibu ya mtihani nitakwenda mahakamani mjini kuomba nikae karibu na mkalimani, nijifunze kazi yake, hata kama ni kwa kubeba vitabu vyake. Nimemwambia baba. Alikaa kimya muda mrefu, akasema atafikiri. Mpaka leo bado anafikiri, nami nangoja kwa adabu.

Rufani ya shangazi nayo haijasikilizwa. Siku ikipangwa nitakwenda tena, na safari hii sitaketi nyuma.